Je, Tunayoyakumbuka Ndiyo Yaliyotokea?

Nanganga ni kijiji kilichopo katika bonde la mto Lukuledi, chini ya uwanda wa juu wa Makonde, mahali ambapo barabara itokayo pwani kwenda Masasi hukutana na ile iendayo Ruangwa. Wasafiri wengi hukijua kama njia panda tu. Mimi nimekulia hapo, na kwa miaka mingi nilikuwa na kumbukumbu moja ya mahali hapo niliyoithamini kuliko nyingine zote.

Siku ya Alhamisi, tarehe 14 Oktoba, 1999, Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso katika wilaya ya Masasi, alilitangazia taifa kwamba Mwalimu Julius Nyerere amefariki dunia mjini London. Katika kumbukumbu yangu, nimesimama na marehemu baba mbele ya duka moja pale njia panda. Magunia ya korosho yameegemezwa ukutani, na redio imewekwa juu ya meza ya mwenye duka. Sauti ya Rais inasikika. Baba anavua kofia yake, anaishika kwa mikono miwili, wala hasemi neno. Nilipokuwa ng'ambo kwa masomo ya uzamivu niliwasimulia wenzangu kisa hiki mara nyingi, na kila mara nilikiona waziwazi kana kwamba kimetokea jana.

Mwaka juzi, tulipokuwa tukipanga vitu vya zamani katika sanduku la mama, niliiona barua niliyomwandikia kwa mkono wangu mwenyewe katika wiki ile ile ya msiba. Ilitoka katika shule ya bweni nilikokuwa nikisoma kidato cha tatu, mwendo wa siku nzima kutoka nyumbani. Ndani yake nimeeleza jinsi wanafunzi wote tulivyokusanywa uwanjani, na jinsi mwalimu wa zamu alivyotupa habari za kifo cha Mwalimu. Nilimwuliza mama kama baba alivua kofia siku ile. Akajibu, "Alivua. Lakini wewe hukuwapo, mwanangu. Tulikusimulia uliporudi likizo."

Sikuwa nimesema uongo, kwani mwongo huijua kweli na kuificha. Mimi niliamini. Basi makala haya yanakusudia kueleza jinsi jambo kama hili linavyoweza kumpata mtu mwenye akili timamu, na kwa nini mwalimu na mwanafunzi wanapaswa kulifahamu.

GHALA AU NYUMBA YA UDONGO?

Wengi wetu hudhani kuwa kumbukumbu ni ghala. Jambo likitokea huwekwa ndani kama gunia, na tukilihitaji huenda kulichukua. Likikosekana, tunasema limesahauliwa; likipatikana, tunaamini ni lile lile lililowekwa. Uchunguzi wa zaidi ya miaka mia moja unaonyesha kuwa mfano huu haufai.

Ubongo wa mtu mzima una uzito usiofika kilo moja na nusu, na hukadiriwa kuwa na chembe za neva zipatazo bilioni 86. Kila chembe huungana na nyingine kwa maelfu. Tunapojifunza jambo, baadhi ya maungio hayo huimarika na mengine hudhoofika. Hakuna chembe moja ihifadhiyo sura ya baba au sauti ya Rais. Mambo yaliyoonekana huacha alama zake katika sehemu moja ya ubongo, yaliyosikika katika sehemu nyingine, na hisia za hofu au huzuni huhusika sana na kiungo kidogo kiitwacho amigdala. Kiungo kingine, hipokampasi, ndicho kinachoziunganisha alama hizo ziwe tukio moja. Kila mtu anazo hipokampasi mbili, moja kila upande wa kichwa, usawa wa masikio kwa ndani. Umbo lake limepinda. Mtu wa kwetu angelifananisha na korosho.

Kwa hiyo kukumbuka si kuchukua gunia ghalani. Kunafanana zaidi na kuikarabati nyumba ya miti na udongo. Nguzo zilizosimikwa zamani zipo, lakini palipobomoka panakandikwa upya, na udongo unaotumika ni ule unaopatikana leo. Kazi ikiisha, mwenye nyumba hawezi tena kuutenga udongo wa zamani na ule mpya.

MTU ALIYEKOSA KESHO YA KUMBUKUMBU

Umuhimu wa hipokampasi ulidhihirika kwa msiba wa mtu mmoja. Mwaka 1953, katika mji wa Hartford huko Marekani, daktari William Scoville alimpasua kijana wa miaka 27, Henry Molaison, aliyekuwa akisumbuliwa na kifafa kikali. Aliondoa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2008, Molaison hakuweza kuweka kumbukumbu mpya ya matukio. Aliweza kuzungumza na mgeni kwa adabu na akili. Mgeni akitoka nje na kurudi baada ya muda mfupi, alimsalimu kama mtu asiyepata kumwona.

Mtaalamu wa saikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake katika kioo tu. Kazi hii ni ngumu kwa kila mtu, kwa sababu kioo hugeuza mwelekeo. Siku baada ya siku mkono wa Molaison ulizidi kuwa stadi, ingawa yeye mwenyewe kila siku alidhani ndiyo mara yake ya kwanza kuifanya kazi hiyo. Hapo ilithibitika kwamba kumbukumbu si kitu kimoja. Ustadi wa mikono, kama ule wa mchonga vinyago au mwendesha baiskeli, una njia yake katika ubongo, na matukio ya maisha yana njia nyingine. Hii ya pili ndiyo iliyonidanganya mimi.

HABARI NZITO HUKUMBUKWA SAWASAWA?

Msomaji anaweza kusema kwamba makosa hutokea katika mambo madogo, lakini habari nzito haziwezi kupotoka. Mwaka 1977 wataalamu Roger Brown na James Kulik walichunguza jinsi watu wanavyokumbuka mahali walipokuwa waliposikia habari za kushtusha, na wakatoa rai kwamba huenda ubongo una namna ya pekee ya kulipiga chapa tukio la aina hiyo, mithili ya picha.

Jaribio la rai hiyo lilikuja bila kutazamiwa. Tarehe 28 Januari, 1986, chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Challenger kilipasuka muda mfupi baada ya kuruka, na watu wote 7 waliokuwamo wakafa. Asubuhi ya siku iliyofuata, Ulric Neisser wa Chuo Kikuu cha Emory aliwapa wanafunzi karatasi waandike walikuwa wapi, na nani, na walizipataje habari hizo. Baada ya miaka miwili na nusu, yeye na mwenzake Nicole Harsch waliwauliza 44 kati yao maswali yale yale. Katika kipimo cha alama 7, wastani wa usahihi haukufika 3. Wanafunzi 11, yaani robo yao, walikosea kila jambo kuu. Hata hivyo, katika kipimo cha uhakika chenye alama 5, wastani wao ulizidi 4. Walipoonyeshwa karatasi zao, walikiri kuwa mwandiko ni wao, lakini kumbukumbu ile ya mwanzo haikurudi.

Uchunguzi wa namna hiyo ulifanywa na Jennifer Talarico na David Rubin baada ya mashambulio ya Septemba 11, 2001 huko Marekani. Walilinganisha kumbukumbu ya tukio hilo zito na kumbukumbu ya jambo la kawaida la siku zile zile. Zote mbili zilipotoka kwa kiasi kilichokaribiana. Tofauti ilikuwa moja: katika lile zito, watu waliendelea kuwa na uhakika.

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Uhakika wa moyo na usahihi wa jambo ni vitu viwili. Kumbukumbu iliyo wazi, yenye rangi, sauti na uchungu, yaweza kuwa si ya kweli, na mwenye nayo hana dalili yoyote ndani yake ya kumwonya.

UDONGO MPYA HUTOKA WAPI?

Chanzo cha kwanza ni maana. Ubongo hushika kiini cha jambo vizuri zaidi kuliko vipande vyake, kisha huvijaza vipande kwa kadiri ya mazoea. Chanzo cha pili ni masimulizi ya wengine: tunakumbuka habari, lakini tunasahau tumeipata wapi. Chanzo cha tatu ni kusimulia kwenyewe. Mwaka 2000 Karim Nader na wenzake walionyesha kwa majaribio ya panya kwamba kumbukumbu iliyokwisha kuimarika, ikiamshwa, hulegea kwa muda na kuhitaji kuimarishwa tena. Katika kipindi hicho yaweza kudhoofishwa. Wataalamu wengi huona kwamba hapo pana mlango mmojawapo wa kuingilia mabadiliko.

Kisa changu kinaonyesha vyanzo vyote vitatu. Nililijua duka, nilimjua baba na kofia yake, na nilisimuliwa yaliyotokea. Kila nilipowasimulia wenzangu ng'ambo, niliikandika nyumba ile upya, hadi nikajikuta mimi mwenyewe nimesimama ndani yake.

JARIBIO LA KUFANYA DARASANI

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili bila chombo chochote. Asiwaeleze wanafunzi kusudi lake. Awaambie tu kwamba atasoma orodha ya maneno, nao wasikilize bila kuandika. Kisha asome kwa sauti, neno moja baada ya jingine, bila haraka:

kitanda, mto, shuka, godoro, usiku, blanketi, ndoto, chandarua, uchovu, kukoroma, mwayo, kusinzia.

Baada ya hapo awape kazi nyingine ya dakika mbili, kwa mfano hesabu za kutoa. Kisha wanafunzi waandike maneno yote wanayoyakumbuka, na kando ya kila neno waweke alama kutoka 1 hadi 5 kuonyesha uhakika wao. Mwisho aulize ni wangapi walioandika neno "usingizi". Neno hilo halimo katika orodha. Katika majaribio ya Henry Roediger na Kathleen McDermott, yaliyochapishwa mwaka 1995 na kutumia orodha za Kiingereza za namna hii, neno lisilokuwamo liliandikwa mara 40 katika kila 100 katika jaribio la kwanza, na mara 55 katika la pili. Mwalimu ahesabu matokeo ya darasa lake, na wanafunzi wayajadili. Wale watakaoliandika neno hilo wasichekwe, kwa sababu ubongo wao umefanya kazi yake ya kawaida ya kutafuta maana.

SHAHIDI BARABARANI

Kosa la kumbukumbu likihusu duka na kofia halimdhuru mtu. Likiingia mahakamani laweza kumfunga asiye na hatia.

Tuseme magari mawili yamegongana pale njia panda ya Nanganga, na watu kumi waliokuwa wakingoja basi wameona. Je, mwendo ulikuwa kiasi gani? Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali, kisha wakawauliza swali hilo kwa maneno tofauti. Walioulizwa mwendo wa magari "yalipopondana" walikadiria wastani wa kilometa kama 66 kwa saa. Walioulizwa mwendo wa magari "yalipogusana" walikadiria kama 51. Filamu zilikuwa zile zile. Katika jaribio la pili, baada ya wiki moja, wanafunzi waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika watu 50 walioulizwa kwa neno zito, 16 walisema waliviona. Katika 50 walioulizwa kwa neno "yalipogongana", ni 7 tu. Vioo vilivyovunjika havikuwamo kabisa. Neno moja la mwulizaji lilitosha kuitia kumbukumbu vioo.

Sheria ya nchi yetu haikulala katika jambo hili. Mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu na usioaminika kwa urahisi, na kwamba mahakama isiutegemee mpaka iwe imeondoa kila uwezekano wa kukosea. Iliagiza yachunguzwe mambo kama haya: shahidi alimtazama mshtakiwa kwa muda gani, kutoka umbali gani, katika mwanga wa namna gani, na kama alipata kumwona kabla ya hapo. Busara hiyo imeendelea kurejewa katika hukumu nyingi. Yafaa nasi tuitumie nyumbani na shuleni. Mwanafunzi akituhumiwa kwa neno la mwenzake "aliyemwona" gizani, mwalimu asitosheke na kuuliza, "Una hakika?" Aulize palikuwa na mwanga gani.

KWA NINI UBONGO UKO HIVI?

Isidhaniwe kwamba kumbukumbu ya binadamu ni kitu duni. Frederic Bartlett wa Chuo Kikuu cha Cambridge, katika kitabu chake cha mwaka 1932, alieleza habari za mchunga ng'ombe wa Uswazi aliyeweza kutaja ng'ombe walionunuliwa na tajiri wake mwaka mmoja na zaidi kabla ya hapo, pamoja na bei zao, karibu bila kukosea. Mchunga yule alikuwa mtu wa kawaida, lakini ng'ombe walikuwa ndiyo maisha yake. Kumbukumbu hushika kwa nguvu lile lenye maana kwa mwenye nayo.

Zaidi ya hayo, kumbukumbu haikuumbwa kwa ajili ya jana peke yake. Mwaka 2007 Demis Hassabis, Eleanor Maguire na wenzao huko London waligundua kwamba watu walioharibika hipokampasi walishindwa pia kujenga akilini picha kamili ya jambo ambalo halijatokea, kwa mfano kujiona wamelala ufukweni. Yaelekea kiungo kile kile kinachoikusanya jana ndicho kinachotusaidia kuiwazia kesho. Mkulima anayewaza lini apalilie mikorosho hutumia vipande vya miaka iliyopita, akavipanga kwa namna mpya. Uwezo wa kuvipanga upya una gharama yake, nayo ni kwamba pengine tunavipanga upya hata pale tulipotaka kuviacha vilivyo.

FAIDA KWA MWANAFUNZI

Mwanafunzi hudanganywa na uhakika wake karibu kila jioni. Husoma sura ya kitabu mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya nne. Maneno huanza kuteleza, naye hujiona ameyajua. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima jambo hili. Kundi moja la wanafunzi lilisoma habari katika vipindi vinne. Kundi jingine lilisoma kipindi kimoja, na katika vitatu vilivyobaki lilifunika karatasi na kuandika yote liliyoyakumbuka. Baada ya dakika 5, wasomaji wa vipindi vinne waliongoza kwa asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: wao walikumbuka asilimia 40, na wale waliojiuliza walikumbuka 61. Tena wale waliorudia kusoma ndio waliokuwa wametazamia kukumbuka zaidi.

Jambo hili si geni kwetu. Mtoto wa madrasa hutakiwa aseme mbele ya mwalimu bila kutazama. Bibi husema, "Kitendawili!" nasi huitika, "Tega!" kisha hutuacha tuhangaike kabla ya kutupa jibu. Katika njia zote mbili, anayejifunza hulazimika kulitoa jambo akilini mwake mwenyewe. Basi mwanafunzi asome mara moja kwa makini, afunike daftari, aandike anachokumbuka, kisha alifunue na kusahihisha. Sehemu hii ya mwisho asiiache hata mara moja, kwa maana tumekwisha kuona kwamba kosa linalorudiwa huimarika sawa na ukweli.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mkulima wa kwetu akifikisha korosho zake ghalani hupewa stakabadhi yenye uzito wake. Hafanyi hivyo kwa sababu karani ni mwizi au yeye ni mwongo. Watu wawili wema waweza kukumbuka kilo tofauti, kila mmoja kwa uhakika wote. Mtunza maabara huandika kipimo papo hapo kwa sababu hiyo hiyo. Tunaweza kufanya vivyo hivyo kwa mambo ya wazee wetu. Mwanafunzi anayemhoji babu yake aandike siku hiyo hiyo, atenge aliyoyaona babu kwa macho yake na aliyosimuliwa, kisha amwulize na mtu mwingine aliyekuwapo.

Barua ile ya mwaka 1999 sasa naitunza mimi. Kumbukumbu ya duka haijaondoka. Hata leo nikifumba macho naiona kofia mikononi mwa baba. Kofia ni kweli, mama ameithibitisha. Mimi niliyesimama kando yake ndiye ambaye hakuwapo.